Mizani Saba

Chumba cha gazeti letu kilikuwa stoo ya madawati.
Bado kinanuka mbao zilizolowa, na mlango
haufungi mpaka uuinue kidogo, kama mgonjwa.
Humo twatoa Utambi, kurasa nne,
nakala mia mbili na hamsini za fotokopi
kwa Barisa, nyuma ya soko la Malindi, kwa mkopo.

Nyevu Chengo ndiye aliyekwenda kuhesabu mitungi.
Siku tisa mfululizo, saa kumi za alfajiri,
alikaa kwenye ngazi za bweni la wasichana na daftari,
mikokoteni ikiingia kutoka Maweni, magurudumu yakilia:
shilingi thelathini mtungi, arubaini Ijumaa.
Juu ya mnara, tangi jeusi, lebo haijabanduka,
halijawahi kuonja hata umande.
Alikuwa na risiti. Alikuwa na barua.
Alikuwa na jumla ya ada ya maji isiyojulikana iliko:
laki sita.

Habari ikaenda ofisini, ikarudi na muhuri:
HAIFAI KUCHAPISHWA.
Wino wa zambarau, umekaa upande,
kama aliyeupiga alikuwa anawahi chai.

Basi mimi, mhariri, nikajifanya mjanja.
Ukurasa wa nne tuna kibaraza cha mashairi.
Hakuna mkubwa anayekisoma;
ni mahali pa wavulana wa mwaka wa kwanza
kulilia macho ya mtu wa Idara ya Utalii.
Usiku ule, umeme ukikatika na kurudi,
nikaitia vina habari ya Nyevu:

    Bwenini maji ni yapi, twanunua mitungini
    Tangi li juu kwa vipi, na kunguru ndio ndani
    Laki sita zi wapi, zilotoka mifukoni
    Tujuzeni, tujuzeni, kiu haina subira

Nyevu akasoma. "Na risiti zangu?"
Nikamwambia shairi halina risiti.
Hakunijibu. Alikuwa na haki ya kutonijibu.

Gazeti likatoka Jumatatu. Jumanne, kimya.
Jumatano nikaanza kutembea kifua mbele.
Alhamisi tukakuta nakala imepenyezwa chini ya mlango,
imekunjwa mara nne, mikunjo ya watu wa zamani.
Hati tuliijua: Bwana Lali Shekuwe,
Msimamizi wa Wanafunzi, mwenye muhuri,
mtu wa Lamu ambaye babake, wasemavyo,
aliikataa posa kwa kuwa barua ilikuja na kina kibovu.
Wino mwekundu:
Mstari wa tatu, ukwapi: mizani saba. Aibu.

Fumo alicheka mpaka akakaa chini.
Tumemshika mtu koo, naye anatupima silabi!
Nikahesabu kwa vidole, la, ki, si, ta, zi, wa, pi.
Saba. Kweli. Aibu.

Nyevu hakucheka. Aliipeleka karatasi dirishani.
Juu ya neno "sita", kwa herufi za sisimizi,
mzee alikuwa ametutengenezea mstari:

    Laki sitini zi wapi

Nane.

"Pengine ni mizani tu," akasema Fumo, sauti imemshuka.
"Angeweza kuandika ziko," akasema Nyevu.
"Laki sita ziko wapi. Nane vilevile.
Hakuandika ziko."

Toleo lililofuata, chini ya Masahihisho,
tukaweka mistari miwili, bila picha:
Ukurasa wa nne, mwezi uliopita, palikuwa na kosa la mizani.
Someni "sitini" palipo "sita". Tunaomba radhi.
Nakala mia mbili na hamsini ziliisha kabla ya adhuhuri,
na Barisa, kwa mara ya kwanza, akalipwa.

Maji hayajaja.
Jana nilikutana na Bwana Lali karibu na maktaba.
Salamu ilinikwama kooni. Yeye aliniuliza hali ya mama,
akarekebisha kofia, akasema bila kunitazama,
"Ule mstari wa pili. Mmeandika kunguru wako ndani.
Mna hakika?"
Akaenda zake kuswali.

Nimeurudia utao ule usiku kucha, sioni kosa, mizani imetimia.
Nyevu ameshavaa viatu.